Uzi maalumu wa waombaji wa ufadhili wa shahada ya uzamili tulio Mwanza na Kanda ya Ziwa: maombi, usaili na miezi ya kusubiri majibu

Mleta mada (Pasiansi), 9 Februari

Ndugu zangu wa Kanda ya Ziwa, salamu kwenu nyote.

Nimefungua uzi huu kwa ajili ya wale ambao maombi yao ya ufadhili yameshakwenda na sasa wanaamka usiku kuangalia kama baruapepe imeingia. Mimi ni mmoja wao. Nina maombi matatu yanayosubiri majibu: moja ni la ufadhili wa serikali ya Uingereza, na mawili ni ya programu za pamoja za Erasmus Mundus zinazolipiwa na Umoja wa Ulaya. Nilisoma shahada ya kwanza ya sayansi ya viumbe wa majini, na kwa miaka minne sasa nafanya kazi na vikundi vya akina mama wanaoanika na kuuza dagaa katika mwambao huu, kuanzia Kayenze hadi Mwaloni wa Kirumba.

Ninachotaka kukisema nakisema mapema. Miezi hii ya kimya, tangu unapobonyeza kitufe cha kutuma hadi siku ya majibu, ina kazi yake, na kazi hiyo ndiyo inayoamua kama nafasi ikija utaweza kuipokea. Mwaka jana sikulijua hilo, nikapoteza nafasi ambayo tayari ilikuwa imeshanifikia.

Ilikuwa hivi. Niliomba programu mbili za Ulaya. Moja ilinikataa mwezi Machi. Ya pili iliniandikia Aprili kwamba nimewekwa kwenye orodha ya akiba, nafasi ya sita. Nililisoma neno hilo kama kukataliwa kwa lugha ya upole, nikafunga kompyuta na sikuigusa tena akaunti yangu ya maombi. Mwanzoni mwa Agosti, nikiwa Kayenze tunageuza dagaa juu ya chanja, simu ikalia. Waliokuwa mbele yangu walikuwa wamejitoa, nafasi ilikuwa yangu, na nilitakiwa kujibu ndani ya siku tano nikiambatisha nakala ya pasipoti. Pasipoti sikuwa nayo. Nilipokimbia kuianza ndipo nilipogundua kwamba jina langu la kwanza katika kitambulisho cha taifa lina herufi R ambayo haipo katika cheti changu cha kidato cha nne wala katika cheti cha shahada. Nililazimika kwenda kwa wakili kuapa, kurudi ofisini kurekebisha taarifa, na kusubiri zisomeke kwenye mfumo. Siku ya tano niliandika kuomba niongezewe muda. Siku ya sita nilijibiwa kwamba nafasi imekwenda kwa mtu mwingine.

Sina wa kumlaumu, kwa sababu kila aliyenihudumia alifuata utaratibu wake. Herufi ile ilikuwa imekosekana tangu nilipojaziwa fomu ya shule ya msingi, na mimi nilikuwa na miezi minne mizima ya kuirekebisha nikaitumia kuhuzunika. Kwa hiyo nawasihi, kabla ya jambo lolote jingine, chukueni cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha taifa, vyeti vya sekondari na cheti cha shahada, mviweke juu ya meza moja, msome majina herufi kwa herufi. Kama kuna tofauti, anzeni leo. Pasipoti inagharimu shilingi 150,000, na fomu yake inahitaji namba ya kitambulisho cha taifa pamoja na cheti cha kuzaliwa, hivyo jina likikwama mahali pamoja linakwamisha yote.

Jambo la pili ni insha, ambalo najua wengi mtaliuliza ingawa dirisha la mwaka huu limefungwa kwa wengi wetu. Insha yangu ya mwaka jana ilianza kwa kueleza kwamba Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba 68,800, kwamba linagawanywa na Tanzania, Uganda na Kenya, na kwamba mamilioni ya watu hulitegemea. Hakuna uongo hapo, lakini hakuna mimi pia, kwa kuwa mtu yeyote aliyewahi kufungua kitabu cha jiografia angeweza kuyaandika maneno yale. Mwaka huu nilianza na beseni. Nilieleza jinsi dagaa walioanikwa juu ya mchanga wanavyobeba chembe za mchanga hadi kwenye sahani ya mlaji, na jinsi mvua ikinyesha kabla hawajakauka wanavyogeuka rangi kuwa ya hudhurungi, wakaanza kunuka, kisha wakauzwa kwa watengenezaji wa chakula cha kuku kwa bei isiyorudisha hata gharama ya mafuta ya injini. Nikaeleza kwamba dagaa walio juu ya chanja ya nyavu hupigwa na upepo juu na chini, kwamba tuligawa mzigo wa usiku mmoja nusu kwa nusu, nusu mchangani na nusu chanjani, na kwamba nilisimama pale na mizani asubuhi, mchana na jioni nikiandika uzito katika daftari. Mwisho nikaandika kile nisichoweza kukijua kwa daftari lile, yaani kinachotokea ndani ya nyama ya samaki wakati unyevu unapobaki, na kwamba hicho ndicho ninachokwenda kukisoma. Sijui kama nitapewa. Najua tu kwamba safari hii nimeandika kitu ambacho hakuna mwombaji mwingine angeweza kukiandika kwa niaba yangu.

Karibuni tuambiane mlipo, mliomba wapi, na mnasubiri nini.

Mchangiaji wa Buhongwa, 9 Februari

Asante sana dada kwa uzi huu. Mimi nilihitimu uhasibu nikiwa na wastani wa 3.4, na nimeomba kozi mbili za Ujerumani kupitia ufadhili wa DAAD, lile shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi na wasomi. Rafiki zangu wananiambia nimepoteza muda kwa sababu sikupata daraja la pili la juu. Naomba kujua ukweli ili nisiendelee kusubiri kitu ambacho hakipo.

Mleta mada, 10 Februari

Ndugu yangu wa Buhongwa, ukweli ni kwamba uko karibu sana na mstari, na ni vyema uelewe mstari wenyewe unapita wapi. Kwa vyuo vyetu daraja la pili la juu huanzia 3.5, hivyo 3.4 yako ni ya daraja la pili la chini, tena ile ya juu kabisa. Kule Ujerumani ngazi imegeuzwa: alama bora ni 1.0, na 4.0 ndiyo ya mwisho ya kufaulu. Vyuo vingi vya kule hubadili alama zetu kwa kanuni inayoitwa ya Bavaria. Unachukua alama ya juu kabisa, ambayo kwetu ni 5.0, unatoa alama yako, unagawanya kwa tofauti kati ya alama ya juu na alama ya chini ya kufaulu, ambayo kwetu ni 2.0, unazidisha kwa 3, kisha unajumlisha 1. Ukifanya hivyo, 3.5 inakuwa 2.5 kamili, nayo 3.4 yako inakuwa 2.6. Programu nyingi huomba 2.5 au bora zaidi, na hapo ndipo marafiki zako wanapopata hoja yao.

Hata hivyo, si kila kozi ina mstari huo, na zipo zinazopima uzoefu wa kazi kwa uzito mkubwa. Kozi za maendeleo zinazofadhiliwa na DAAD, zile zinazofahamika kwa kifupi kama EPOS, hudai uzoefu wa kazi wa angalau miaka miwili baada ya shahada, na kwa kawaida hudai shahada yenyewe isiwe imepita miaka sita. Soma tena ukurasa wa kila kozi uliyoomba, kwa sababu maombi yale hutumwa moja kwa moja kwenye kozi na kila moja ina masharti yake. Kama ukurasa haukutaja 2.5, endelea kusubiri bila wasiwasi wa marafiki. Na kila mahali unapoandika wastani wako, usiache kamwe maneno "kati ya 5.0", maana msomaji wa Kijerumani akiiona 3.4 peke yake ataidhani ni alama ya mtu aliyeponea chupuchupu.

Mchangiaji wa Sengerema, 12 Februari

Nimesoma yote kwa makini na ninaheshimu juhudi za mleta mada, lakini naomba niseme kile ambacho wengi huku vijijini tunakiamini. Nafasi hizi ni za waliokulia katika shule zinazozungumza Kiingereza kuanzia asubuhi hadi jioni, na za waliozungukwa na watu wanaojua kuandika insha za namna hiyo. Mimi ni afisa maendeleo ya jamii, nimefanya kazi miaka mitano, sijawahi kuomba, na sababu yangu ni hiyo. Mtihani wa Kiingereza peke yake unagharimu fedha ambayo kwangu ni zaidi ya nusu ya mshahara, na matokeo yake yanaisha nguvu baada ya miaka miwili. Nikiulipia halafu nikakataliwa mara mbili, nitakuwa nimejenga nini?

Mleta mada, 12 Februari

Dada wa Sengerema, sitakubishia kuhusu gharama, kwa sababu umesema kweli, na inaumiza kwamba mlango unaoitwa wa bure una kiingilio. Nitakueleza tu nilichokiona. Ufadhili wa Chevening, ule wa serikali ya Uingereza, hauhitaji ulipie mtihani kabla ya kuomba, kwa sababu suala la lugha huamuliwa na chuo kinachokupa udahili. Zipo pia programu za Ulaya zinazopokea barua ya chuo chako inayothibitisha kwamba ulifundishwa kwa Kiingereza, na barua hiyo unaifuata kwa msajili. Kwa hiyo mpangilio wa busara ni kuomba kwanza zile zisizodai mtihani mapema, na kuulipia pale tu unapokuwa na barua ya udahili wa masharti mkononi.

Kuhusu uzoefu, wewe una utajiri usioujua. Chevening hudai saa 2,800 za kazi. Mtu anayefanya kazi saa 40 kwa juma huzifikisha kwa majuma 70, na wewe umeshafanya miaka mitano. Kile kijana aliyelelewa kwa Kiingereza atalazimika kukitafuta, wewe unakutana nacho kila siku katika vikundi vya akina mama wa Sengerema.

Hilo la kwamba wengine wana watu wa kuwasomea insha zao halina jibu la maneno. Jibu lake ni sisi kusomeana. Dirisha lijalo likifunguliwa, leta rasimu yako, nami nitaisoma mstari kwa mstari.

Mchangiaji daktari, 15 Februari

Nawasalimu. Mimi ni daktari katika hospitali ya rufaa hapa jijini, na niliomba ufadhili wa Jumuiya ya Madola, ambao kwa Tanzania mapendekezo yake hupitia Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia. Wanaosubiri kupitia njia hiyo wajue kwamba maombi yao yanapita kwenye meza mbili, ya hapa na ya London, hivyo kimya chake ni kirefu zaidi na hakina maana ya kukataliwa.

Naomba niongezee jambo dogo ambalo liliwahi kunigharimu katika ombi jingine, miaka miwili iliyopita. Niliitwa kwenye usaili wa mtandaoni uliopangwa kufanyika saa sita kamili mchana kwa saa za Uingereza, mwanzoni mwa Aprili. Barua niliipokea mwanzoni mwa Machi, nikapiga hesabu ya tofauti ya saa tatu, nikaandika kwenye kalenda yangu saa tisa alasiri. Jumapili ya mwisho wa Machi wenzetu wa Ulaya husogeza saa zao mbele kwa saa moja, nasi hatusogezi. Tofauti ikawa saa mbili. Nilitoka zamu ya usiku, nikalala kidogo, nikaoga, nikavaa tai, nikaingia kwenye kiungo saa tisa kasoro dakika kumi nikijiona nimewahi, kumbe walikuwa wamenisubiri tangu saa nane na wameshaondoka. Walinihurumia wakanipa siku nyingine, lakini niliingia nikiwa nimevunjika moyo, na ilionekana.

Kwa hiyo yeyote atakayeitwa usaili kati ya Jumapili ya mwisho wa Machi na Jumapili ya mwisho wa Oktoba ahesabu saa mbili kwa Uingereza na saa moja kwa Ujerumani na Ufaransa, na asitegemee hesabu aliyoipiga wakati wa baridi. Hali ni hiyo hiyo kwa tarehe za mwisho: dirisha linalofungwa saa sita mchana wa London mwanzoni mwa Oktoba, kwetu linafungwa saa nane mchana.

Jambo jingine la usaili ni neno "sisi". Tumelelewa kwamba mtu muungwana hajisifu, hivyo ukiulizwa ulifanya nini unajibu "tulianzisha", "tulifanikiwa", "tuliwahudumia". Wasaili hawawezi kukupa alama kwa jambo walilolifanya watu kumi. Nilifanya mazoezi na mke wangu, na kila niliposema "tuli" alinisimamisha akauliza, "Wewe je?" Ilinichukua majuma mawili kuweza kusema "niliandika", "niliamua", "nilikosea nikarekebisha" bila kuona haya.

Mchangiaji mhadhiri, 18 Februari

Nimefundisha chuo kikuu kwa muda mrefu, na kila mwaka naandika barua nyingi za udhamini kwa wahitimu wanaoomba ufadhili. Nimeona nizungumze kutoka upande wa pili wa meza, kwa sababu barua hizi huharibika kwa njia ambazo mwombaji hazioni.

Mhitimu huniandikia kwenye simu usiku: "Shikamoo mwalimu, naomba udhamini, mwisho ni kesho." Nampenda, namkumbuka, lakini nina mitihani mia mbili ya kusahihisha. Nitaandika kwamba alikuwa na bidii na nidhamu, na barua ya namna hiyo haimsaidii mtu, kwa kuwa barua zote zinasema hivyo. Mwaka juzi alikuja binti mmoja ofisini majuma matano kabla. Alikuwa na wasifu wake, rasimu ya insha, maelezo ya kozi, tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwa wino mwekundu, na lile daftari la kaunta alilolitumia kwenye mazoezi ya vitendo miaka mitatu iliyopita, likiwa bado na matone ya maji yaliyokaukia kwenye kurasa. Nilifungua ukurasa ambao nilikuwa nimemwandikia "rudia kipimo hiki", nikaona kwamba alirudia mara nne. Barua yake niliiandika jioni ile ile na sikuhitaji kutafuta maneno.

Naomba pia mjue kwamba mifumo mingi hututumia kiungo, nacho huangukia kwenye kabrasha la baruapepe taka. Mwambie mdhamini wako siku kiungo kinapotumwa, mkumbushe kwa adabu juma moja kabla, kisha siku mbili kabla, wala usiogope kwamba unasumbua. Na majibu yakija, yawe mazuri au mabaya, mrudie umweleze. Wapo niliowaandikia barua tano na sijui hadi leo walifika wapi.

Mleta mada, 18 Februari

Shikamoo mwalimu. Nimeyasoma maneno yako mara tatu, na leo hii nimewaandikia wadhamini wangu wote wawili kuwaeleza kwamba mwaka jana nilikosa na kwamba mwaka huu bado nasubiri. Sikuwahi kuwaambia.

Mchangiaji wa Nansio, 3 Machi

Habari za wakati huu. Mimi ni mwalimu wa baiolojia hapa Ukerewe, shule binafsi. Nimeomba ufadhili wa aina mbili na nasubiri. Mkuu wa shule anataka nisaini mkataba mpya wa miaka miwili mwezi huu. Nikisaini halafu nikapata, nitaonekana msaliti. Nisiposaini halafu nikakosa, sina kazi, na nina mdogo wangu ninayemlipia ada. Sijalala vizuri tangu juma lililopita.

Mchangiaji daktari, 3 Machi

Mwalimu wa Nansio, saini. Mkataba una kifungu cha kuvunja kwa taarifa, kisome kabla ya kusaini, na kama hakimo omba kiingizwe. Hakuna mfadhili anayemuuliza mtu kwa nini alikuwa na kazi wakati anasubiri.

Mleta mada, 4 Machi

Naungana na daktari, ila mimi ningemweleza mkuu wa shule ukweli wote. Najua wapo watakaosema usitangaze jambo ambalo halijatimia, na ninaielewa hofu hiyo, kwa sababu huku kwetu ukisema umeomba kwenda nje kila mtu anakuuliza kila siku umefikia wapi, na kukosa kunakuwa aibu ya mtaa mzima. Lakini mwajiri si mtaa. Fadhili nyingi zinadai urudi nyumbani. Chevening hudai miaka miwili baada ya masomo. Mkuu wa shule akijua kwamba unakwenda kusoma kisha unarejea, huenda akakuandikia barua ya ruhusa badala ya kukuona msaliti.

Wewe umekulia visiwani, unajua kwamba siku za mbalamwezi wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani, kwa kuwa taa haivuti samaki pale mwezi unapoangaza. Sijawahi kumwona mvuvi anayekaa bure siku hizo. Huziba nyavu, huchonga makasia, hupaka mtumbwi lami. Saini mkataba wako, mlipie mdogo wako ada, na jioni ukamilishe karatasi zako.

Mleta mada, 2 Aprili

Ndugu zangu, narudi na taarifa. Programu moja ya Ulaya imenikataa kwa barua ya mistari minne. Ya pili imeniweka tena kwenye orodha ya akiba, nafasi ya saba, yaani nyuma ya pale nilipokuwa mwaka jana. Nililia kidogo, sitaficha. Kesho yake nilikwenda kuchukua pasipoti yangu, ambayo sasa ina jina lile lile lililo kwenye vyeti vyangu vyote, nikaiskani na kuipakia kwenye akaunti bila kuombwa.

Usaili wa Uingereza umepangwa juma lijalo. Nimehesabu saa mbili.

Mchangiaji wa Buhongwa, 20 Mei

Kozi moja imenikataa kwa sababu ya ile 2.6, wameandika wazi kabisa. Ya pili, ambayo haikutaja kiwango cha alama, imenipa udahili, na jana nimepokea barua ya ufadhili. Dada, nilikaribia kujiondoa mwezi Februari. Mama yangu ameiomba ile barua, ameiweka ndani ya Biblia, ingawa haijui lugha iliyoandikiwa.

Mleta mada, 24 Juni

Hongera sana, ndugu wa Buhongwa. Habari yako nimeisoma kwa sauti mbele ya akina mama wa Kayenze, na wamekupigia vigelegele bila kukujua.

Kwa upande wangu, ombi la Uingereza halikufanikiwa. Barua haikutoa sababu, na sitazitunga. Nilipoyakumbuka majibu yangu ya usaili niliona mahali pawili ambapo nilijibu swali nililolitarajia badala ya swali nililoulizwa, na nimeyaandika yote mawili pamoja na majibu ambayo ningetoa leo. Kwenye orodha ya akiba nimesogea kutoka nafasi ya saba hadi ya nne. Programu zile hulipa euro 1,400 kwa mwezi na husomwa katika nchi mbili au zaidi, hivyo watu hawajitoi ovyo. Hujitoa wanapopata kitu kingine, na hilo hutokea hadi Agosti. Naangalia akaunti mara moja kwa siku, saa moja jioni, kisha naifunga.

Mchangiaji wa Nansio, 1 Julai

Mimi nimekosa yote mawili. Nilisaini mkataba, na mkuu wa shule, niliyemweleza kila kitu, ameniambia atanipa siku za kwenda Mwanza kufuatilia maombi ya mwaka ujao. Mdogo wangu yuko kidato cha tano.

Mchangiaji wa Sengerema, 11 Julai

Nimekuwa msomaji wa kimya tangu Februari. Nimeamua kuomba dirisha la Agosti. Daraja la Kigongo–Busisi limetupunguzia adha ya kusubiri kivuko, hivyo naweza kuja mjini asubuhi na kurudi jioni. Je, ahadi ya kusomewa rasimu bado ipo?

Mleta mada, 11 Julai

Ipo, dada yangu, na nimefurahi mno. Mimi sasa ni wa pili kwenye orodha, na bado nasubiri. Jumamosi nitakuwa Maktaba ya Mkoa kuanzia saa tatu asubuhi, meza ya karibu na dirisha. Rasimu hata kama haijakamilika ilete. Ila njoo pia na cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha taifa, cheti cha kidato cha nne na cheti cha shahada, tuanze na herufi za jina lako.